Dau Si Kabati

Kuna mkahawa mmoja Nairobi, sitautaja jina, ambao ukiingia tu unapokewa na omo ya dau. Imekatwa, ikasimamishwa wima ukutani kama kabati, ikatiwa rafu nne za kioo, na juu ya rafu zimepangwa chupa za mvinyo. Wasee hupigia picha hapo. Hata mimi nilipiga, na nalisema mapema usije ukadhani nahubiri nikiwa nje ya dhambi yenyewe. Nilipiga picha, nikaipachika kwa status, nikaandika "nyumbani". Halafu nikasogea karibu, nikaona kati ya mbao mbili kipande cha pamba nyeusi kimechomoza. Kalafati. Kuna mtu aliishindilia pamba ile kwa nyundo, pengine jua la saa sita likimchoma mgongo, ili maji ya chumvi yasiingie chomboni. Sasa inazuia nini? Vumbi la Westlands?

Wiki hiyo hiyo Ami alinipigia simu kutoka kisiwa cha Pate.

"Kuna bwana amekuja kulitazama dau la babu yako," alisema. "Atoa arobaini."

"Elfu?"

"Elfu. Lakini dau halitaki. Ataka mbao."

Na mimi, mjukuu msomi, mwenye picha ya omo kwa status, nilijibu haraka kuliko nilivyofikiri: "Uza, Ami. Si limelala tu?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya." Ukiwa na jamaa wa pwani unaijua hiyo *haya*. Haina maana ya kukubali hata kidogo.

Naandika makala haya kubishana na yule mimi aliyesema "uza". Pia nabishana na wewe, kama nyumbani kwako kuna kioo, kiti, meza au fremu iliyoandikwa kwa majivuno kuwa imetengenezwa kwa mbao za "dhow". Kwanza hilo neno lenyewe. Kwetu hakuna chombo kinachoitwa hivyo. Kuna jahazi, kuna mashua, kuna dau, kuna ngalawa, kuna hori, kuna mtumbwi, na kila kimoja kina umbo lake na kazi yake. Wageni walivitia vyote kwenye gunia moja wakalifunga. Ukishavifanya vyote kuwa kitu kimoja, ni rahisi sana kuvifanya vyote kuwa fanicha.

Dau la Babu lilikuwa na kazi, na kazi yenyewe si ya kupendeza. Babu hakuwa fundi wa vyombo, alikuwa mvuvi. Aliliunda dau lake nyuma ya nyumba, miezi ya kusi, bahari ilipochafuka na hakuna pa kwenda, kwa tezo yake na keke ya kuazima. Ndiyo maana ni fupi, pana kuliko inavyotakiwa, na ukilitazama kwa mbele limeinama kidogo kushoto kama mtu anayesikiliza umbea. Aliliunda hivyo kwa sababu alitaka chombo kitulivu cha kuwindia kasa.

Uwindaji huo ulifanywa kwa chazo. Chazo ni samaki mwenye bapa juu ya kichwa, lenye mistari kama soli ya raba, na kwa bapa hilo hujigandisha kwa papa, kwa nyangumi, kwa kasa. Anafungwa kamba mkiani, anaachiwa majini karibu na kasa, anakwenda anamganda. Hapo mwindaji huvuta kamba polepole, asimshtue, mpaka kasa afike ubavuni mwa dau. Chombo kinachoyumba hakifai kwa kazi hiyo. Ndiyo siri ya ule upana.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na mashirika ya mazingira nilipomweleza haya aliniangalia kama nimemwonyesha bunduki. "Kwa hivyo unatoa pesa kukarabati silaha?" Swali zuri. Nitalirudia, sitalikimbia.

Nilifunga safari. Basi mpaka Mombasa, jingine mpaka Mokowe, boti mpaka Lamu, boti nyingine mpaka Pate. Nilifika wakati wa bamvua, kwa sababu Ami alikuwa ameshaamua, bila kuniambia, kwamba kama nakuja basi nije kufanya kazi. Maji yalipojaa sana tulilisogeza dau kutoka chini ya mkungu hadi pwani pa mchanga, tukalilaza ubavu juu ya magogo. Ami alikuwa ameita fundi kutoka Matondoni, mzee mwembamba asiyependa maneno, ambaye alizunguka lile dau mara mbili akiligonga kwa kisigino cha tezo na kusikiliza. Ubao mzima unajibu. Uliooza unameza sauti. Penye kumeza alitia alama ya mkaa. Alipomaliza, mbao tatu za chini zilikuwa na alama, na mataruma sita, zile mbavu za ndani zinazoshikilia kila kitu. Mkuku ulikuwa mzima. Aliupapasa kwa kiganja kutoka tezi mpaka omo, akasema neno moja: "Mbambakofi." Babu alikuwa amepinda kila kitu isipokuwa mkuku.

Sasa hapa ndipo natamani yule bwana wa elfu arobaini angekuwepo. Kwa sababu yeye alitazama mbao akaona "rangi ya uzee", ile ya kijivu na samawati iliyochubuka ambayo watu wa mjini wanaipenda sana. Fundi alitazama mbao zile zile akaona misumari. Alituonyesha jinsi kutu ilivyokula ubao kuzunguka kila msumari, tundu likapanuka, maji yakapata njia. Ule ubao wenye madoa mazuri ya kahawia unaolipiwa ghali Nairobi ni ubao unaougua.

Taruma halichongwi kutoka mti ulionyooka. Unatafuta mti uliojipinda wenyewe kiasi kile kile unachotaka, ili nyuzi za mti zifuate mpindo, la sivyo siku ya wimbi kubwa litapasuka. Kwetu hiyo ndiyo kazi ya mkoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, lakini mtu wa Lamu akitaka vipande sita vya mbavu za dau lazima aombe ruhusa, na ni sawa aombe. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti nchini, na wakataji wa mikoko wakakaa bila kazi kwa kosa lililofanywa na wengine, kwenye misitu ya milima. Katazo hilo limeshaondolewa. Hata hivyo nilizungushwa ofisi moja hadi nyingine kwa siku nne. Afisa mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nisinunue tu boti ya faiba. Mwingine akaniuliza kama dau ni la hoteli, kwa sababu la hoteli lingekuwa na fomu yake. Nikajua hapo kwamba dau la mtu wa kawaida halina fomu.

Tukapata miti. Fundi akachonga, mtoto wa Ami akamsaidia, mimi nikabeba. Kila tundu lilitobolewa kwanza kwa keke, kisha msumari ukavishwa uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa, ndipo ukapigiliwa, ili maji yasifuate chuma. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba msumari unavishwa nguo.

Halafu kalafati. Unasokota pamba iwe kama kamba, unailoweka mafuta, unaiingiza kwenye mshono kati ya ubao na ubao kwa chembeu, ile patasi butu, unagonga. Ikiwa ndogo maji yanaingia. Ikiwa nyingi, mbao zitakapovimba zitasukumana mpaka misumari ing'oke. Kipimo kiko kwenye sauti. Fundi alinipa mshono mmoja, ubavu wa kushoto, wa tatu kutoka mkukuni. Nikaufanya siku nzima. Jioni akaja, akatia kucha, akavuta, pamba yangu yote ikatoka kama utumbo wa kuku.

"Umejaza mto," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Siku ya pili akaivuta tena nusu yake. Siku ya tatu akapita bila kusema kitu, na sidhani nimewahi kusifiwa hivyo ofisini kwangu.

Mwisho tukachemsha shahamu na chokaa, tukapata deheni, tukaipaka chini ya dau kwa viganja. Harufu yake haina marafiki. Nilirudi nayo Nairobi kwenye kucha, na msee aliyekaa nami ndani ya matatu akahamia kiti cha nyuma.

Sasa mtu wa mjini, hasa aliyesoma falsafa kidogo, ataniuliza: mkishabadilisha mbao tatu na mbavu sita, hilo bado ni dau la Babu? Muulize mwenye matatu. Injini imebadilishwa mara mbili, bodi imechomelewa upya, viti vimeshonwa upya, na bado ni ile ile iliyokuwa ikikupeleka shule. Hapa mjini tunalielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyokiri. Kamukunji wanakunja bati la pipa kuwa sanduku na jiko. Luthuli simu yako iliyofia majini inafufuliwa na kijana mwenye chuma cha kulehemu na taa ya kichwani. Hatumwambii yule kijana, "Usiiguse, ni urithi, itundike ukutani." Tunamwambia, "Buda, fanya ishike chaji." Basi kwa nini tukifika pwani tunapoteza akili? Kwa nini kitu cha mtu wa pwani kikichakaa kinaacha kuwa chombo kinachohitaji fundi, kinakuwa "kumbukumbu"?

Nadhani ni kwa sababu tumefundishwa kuipenda pwani ikiwa imelala. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na silalamikii hilo, milango na mabaraza yanahitaji kulindwa. Ila neno *urithi* limekuwa kama sanda. Kinachofunikwa nalo hakitarajiwi kuamka.

Tazama mtepe. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa kwenye kisiwa cha pwani hii kilichoitwa Menouthias, na kinasema watu wa pale walivua kasa. Kumbe Babu alikuwa kwenye kazi ya zamani sana. Mtepe ulikuwa wa ukoo huo: mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, tanga la mkeka. Chombo cha kushona hakikai bila kushonwa tena. Kamba huoza, lazima zitolewe, zitiwe mpya, kila mara, na mikono inayojua. Hakuna adui aliyeichoma mitepe yetu. Ilikoma kushonwa, basi. Mwaka ambao mzee hakuona sababu ya kumfundisha kijana kutia kamba mpya ndio mwaka mtepe ulipokufa, hata kama mbao zilielea miaka mingine kumi. Sasa tunao wa kuigiza, mdogo, kwenye kabati la kioo, na watoto wa shule hupitishwa mbele yake wakiambiwa wasiguse.

Kuhusu faiba: sina ugomvi nayo. Ni nyepesi, haiozi, ukiifunga injini inafika mbali ambako samaki wamekimbilia. Ningekuwa mvuvi wa kamba mwenye watoto watano ningeitaka. Ugomvi wangu ni na lile neno "za kisasa" linalotajwa kila boti hizo zinapogawiwa mbele ya kamera, kana kwamba mbao ni ujinga uliosamehewa. Faiba ikipasuka, dawa ya kuiziba inatoka dukani Mombasa. Ikifa kabisa, inalala ufukweni milele, haiwezi hata kuwa kuni. Na mwaka 2018, Lamu ilipozindua FlipFlopi, lile jahazi la plastiki iliyookotwa, lililofunikwa ndara za rangi zote na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019, dunia nzima ilipiga makofi. Nilipiga pia. Lakini mikono iliyoliunda ilikuwa ya mafundi wa mbao, chini ya Ali Skanda, watu waliojifunza kazi kwenye vyombo vya aina hii ambavyo tunavipasua tupate rafu. Tukimaliza vyombo vya kutengeneza, hao mafundi wa uvumbuzi wa kesho watajifunzia wapi? YouTube?

Turudi kwa kasa. Rafiki yangu ana haki ya kuuliza. Babu aliua kasa, sijui wangapi, na hakuwa akifanya ibada, alikuwa akila na akiuza mafuta. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, kaskazini mwa kisiwa chetu, ilitangazwa mwaka 1979, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa waziwazi. Ni sheria nzuri. Babu aliacha kabla ya kuzeeka, akageuza dau kuwa la nyavu na la kubebea makuti. Sitamsafisha. Lakini angalia nani anayemsafisha kweli. Yule bwana wa mbao angeliuza kabati lake na kijikaratasi: "mbao halisi za mvuvi wa Kiswahili." Kasa hayumo kwenye kijikaratasi. Damu haiuziki, kinachouzika ni rangi iliyochubuka. Ami naye hupakia watoto wa jirani kwenye dau lile, na wakiuliza lile tundu la pembeni ni la nini anawaambia bila kupepesa: hapa ndipo kamba ya chazo ilipofungwa, hivi ndivyo tulivyofanya, na sasa hatufanyi. Yeye ndiye anayejua mkondo gani kasa hupita na nyavu gani haifai kutegwa pale, kwa sababu siku hizi wengi hufa kwa kunaswa na nyavu ambazo hazikuwakusudia. Mtaalamu wa mazingira angelipa kupata ujuzi huo. Ulipatikana kwa kuwinda. Inauma lakini ndivyo.

Hoja iliyonisumbua kweli ni nyingine, na aliitoa mke wa Ami, akiwa anapara samaki, bila kuinua kichwa. "Wewe walipenda dau," alisema. "Sisi twapenda ada ya shule. Hiyo arobaini ingelipa muhula."

Hapo nilinyamaza. Sina jibu la kumshinda, na singependa kumshinda. Jibu nililonalo ni la hesabu tu. Ukarabati ulikula karibu mara mbili ya ile arobaini, na nililipa mimi, kwa sababu aliyepiga picha akaandika "nyumbani" ndiye anayedaiwa. Ada ya muhula ule nililipa pia, nusu, na nusu nyingine bado nadaiwa. Kama sikuwa tayari kutoa, ningekaa kimya niache dau lipasuliwe, na ningekuwa mkweli zaidi kuliko nikilia mtandaoni. Ninachokukatalia ni kukaa katikati: huchangii hata kibaba cha pamba, halafu unanunua ubavu wa chombo cha mtu aliyekosa pesa za pamba, unautundika sebuleni, unaita kuunga mkono mafundi wa pwani. Yule fundi wa Matondoni hakupata shilingi kutoka kabati lako. Kila kabati ni kazi moja ambayo hataifanya.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Nilikulia na methali hiyo na sikuwahi kuiuliza swali. Sasa nauliza: haliendi kwa sababu ya upepo, au kwa sababu kila likitaka kwenda kuna mtu kasimama pwani na msumeno na elfu arobaini?

Tulilishusha bamvua iliyofuata. Ilibidi niombe likizo tena, na bosi wangu anaamini nina babu watatu wanaokufa kwa zamu. Wanaume kumi na wawili walisukuma, fundi akasimama pembeni akila tende. Dau likaingia majini, likainama kushoto kama kawaida yake, likaanza kuvuja. Moyo ukaniruka. Kila mshono ulikuwa unatoa machozi. Nikamgeukia fundi.

"Lina kiu," akasema. "Liache linywe."

Mbao zilizokaa miaka kavu lazima zivimbe kwanza ndipo zijifunge. Siku ya kwanza tulikaa ndani tukiteka ngama kwa makopo ya maziwa ya unga, mimi na binamu zangu, kwa zamu, mpaka usiku. Siku ya pili maji yalipungua. Siku ya nne Ami alipandisha tanga akaenda nalo mpaka mwamba wa nje na kurudi, akaleta changu wanane na pweza mmoja, na mkewe akawapokea bila kusema kitu kuhusu ada.

Yule bwana wa mbao bado ananipigia. Amepanda mpaka sitini. Nilimwambia kama analitaka kweli aje asubuhi na kopo lake, kwa maana jana Ami amenitumia ujumbe wa sauti: ubavu wa kushoto, mshono wa tatu kutoka mkukuni, bado unavuja. Nitume pamba.